Saanane, Rubondo na Rangi Zilizo Chini ya Maji

Mwaka 1964 watu wa Mwanza walianza kuona jambo ambalo wazee wao hawakuwahi kuliona: wanyama wa porini wakivushwa ziwani kupelekwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe kilicho karibu kabisa na mji. Kadiri miaka ilivyopita wakapelekwa huko nyati, nyamera, kongoni, tembo, pofu, swala pala, pundamilia, faru weusi, nyumbu, twiga, ngiri, nungunungu, simba na sokwe mtu. Faru, simba na mamba walifungiwa, kwa sababu watu walikuja kutembea na watoto. Wengine waliachwa wazunguke. Kisiwa chenyewe kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla serikali haijakichukua kuwa bustani ya kwanza ya wanyama katika nchi.

Nimefundisha historia katika sekondari hapa Mwanza mpaka nilipostaafu, na kila nilipofika kwenye habari za uhifadhi, vitabu vilitupeleka Serengeti na Ngorongoro. Mimi nilianzia Saanane. Wanafunzi wangu wangeweza kukiona kisiwa hicho wakisimama tu Capri Point, na historia ambayo mtoto anaweza kuinyooshea kidole humkaa kichwani kuliko ile ya ramani. Lakini kadiri nilivyozidi kuifuatilia habari ya Saanane ndivyo nilivyoona kwamba ina nusu ya pili ambayo hatuifundishi. Juu ya maji tulileta wanyama wa mbali ili watu wetu wawatazame. Chini ya maji yale yale, kwenye miamba ile ile na katika maji ya wazi nje yake, waliishi wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na wengi wao walitoweka kabla hatujajua kwamba ni wa kutazamwa.

Nianze na ile nusu inayojulikana.

Miaka ya mwanzo ya uhuru ilikuwa miaka ya matumaini makubwa katika mambo ya wanyamapori. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa lile tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori, ambalo watu hulichanganya na Azimio la Arusha la 1967. Chuo cha wanyamapori cha Mweka kilianza mwaka 1963. Mwalimu mwenyewe anakumbukwa kwa kusema waziwazi kwamba yeye si mtu wa kutumia likizo yake kutazama mamba, ila anaunga mkono kwa dhati wanyama hao waendelee kuishi, kwa kuwa nchi itapata fedha nyingi kutoka kwao. Nayapenda maneno hayo kwa ukweli wake. Kutazama wanyama kwa starehe ilikuwa desturi ya wageni, na Saanane ilikuwa jaribio la kuifanya iwe desturi yetu pia. Mtoto wa Igogo au Mirongo ambaye baba yake asingeweza kamwe kulipa safari ya Serengeti aliweza kupanda boti, na baada ya dakika chache akasimama mbele ya simba.

Saanane ilikuwa pia kituo cha njiani. Baadhi ya wanyama walipumzishwa hapo kabla ya kusafirishwa kwenda Rubondo, kisiwa kikubwa chenye msitu, takriban kilometa 150 magharibi ya Mwanza. Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na Wazinza waliokuwa wakiishi na kuvua huko wakahamishwa. Jambo hilo lastahili kusemwa kila Rubondo inaposifiwa, maana ukimya unaowavutia wageni leo ulipatikana kwa kuondoa vijiji vya watu. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa.

Aliyeisukuma kazi hiyo ni Bernhard Grzimek wa Frankfurt, yule yule aliyeitangaza Serengeti duniani kwa filamu yake ya mwaka 1959. Wazo lake lilikuwa kwamba kisiwa kisicho na simba wala chui kinaweza kuwa kimbilio la wanyama walio hatarini kwingineko. Wakapelekwa faru weusi, tembo, twiga, mbega weusi kwa weupe, na korongo. Tembo, twiga na mbega wangalipo. Faru walimalizwa na majangili, na hilo la kisiwa kuwa ngome halikuwasaidia, kwa sababu mtu mwenye mtumbwi na bunduki hafungiwi na maji.

Habari ya kushangaza kuliko zote ni ya sokwe. Kati ya 1966 na 1969 sokwe wapatao 17 walifunguliwa Rubondo. Walikuwa wamezaliwa katika misitu ya Afrika, wakakamatwa wakiwa wadogo, wakakaa miaka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengine walikuwa wamezoea chakula cha kupewa, nguo na amri za binadamu. Fikiria kiumbe aliyekaa nyuma ya vyuma huko Ulaya anafunguliwa mlango pwani ya Ziwa Viktoria, mbele yake msitu, nyuma yake maji. Wapo waliowarudia watu wakitaka chakula, na wapo waliowashambulia. Lakini katika muda mfupi wengi walijifunza upya kutafuta matunda ya porini na kusuka viota juu ya miti. Walizaana. Sokwe wa Rubondo leo ni wajukuu na vitukuu ambao hawajawahi kuona tundu, na wamekuwa wagumu kukaribiwa kiasi kwamba watumishi wa hifadhi imewapasa kuwazoesha watu pole pole, siku baada ya siku, ili mgeni aweze kuwaona.

Saanane haikuwa na bahati ya namna hiyo. Kisiwa ni kidogo, majani yake ni machache, na kulisha wanyama wakubwa kwa boti ni gharama isiyokwisha. Mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na wanyama wengi wakahamishiwa kwingine. Mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa yenye kilometa za mraba 2.18, tukihesabu visiwa vidogo vitatu na maji yanayovizunguka. Hifadhi yetu ya taifa iko ndani ya jiji, na nyumba za jiji zinaitazama.

Ukienda leo utaona simba wa kufugwa, swala pala, tumbili, na wale wenyeji halisi ambao hakuna aliyewaleta. Pimbi wanaota jua juu ya mawe. Mjusi wa miamba dume, kichwa na mabega vya rangi ya waridi na mwili wa buluu, anatingisha kichwa kumtisha mwenzake. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, ameitwa kwa jina la mji wetu. Kenge huteleza kutoka kwenye jabali. Asubuhi na mapema, ukiwa na subira na usipopiga kelele, unaweza kumwona fisi maji akitafuna samaki. Mimi huwaambia vijana watazame hawa kwanza, kisha ndipo waende kwa simba.

Sasa niteremke majini.

Baba alikuwa mvuvi wa Igombe. Nyumbani samaki walikuwa na vyeo: sato na ngege kwa mgeni, ningu kwa mwenye kujua utamu, kamongo kwa wasiomwogopa, na furu kwa wote waliobaki. Furu alikuwa mdogo, mwenye miiba mingi, akiuzwa kwa mafungu au kutiwa kwenye ndoana kama chambo cha kambale. Watoto tuliwavua kwa mishipi mawe yalipoanzia. Hakuna aliyewahesabu. Wavuvi waliwatofautisha wale wanaokaa kwenye miamba wakiwaita mbipi, na hapo ndipo elimu ya kawaida ilipoishia, kwa kuwa mtu humtofautisha samaki kwa kadiri bei yake inavyotofautiana.

Kumbe ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazipatikani kwingine. Ajabu yake ni muda. Tope lililochimbwa chini ya ziwa limeonyesha kwamba Ziwa Viktoria lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Aina hizo zote, au karibu zote, zimetokea baada ya hapo. Wapo walao konokono kwa kuwavunja magamba na wapo wanaowachomoa ndani yake, wapo wakwangua mwani kwenye mawe, wapo walao wadudu, walao samaki wenzao, na hata wanaonyonya mayai na vichanga kutoka kinywani mwa majike wengine. Maana majike ya furu hulea kinywani: hubeba mayai humo mpaka yaanguliwe, na hatari ikija vichanga hurudi mdomoni mwa mama. Wataalamu wa viumbe hawajui ziwa jingine kubwa ambamo aina nyingi hivi zimezaliwa kwa muda mfupi hivi.

Mwaka 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilianza kazi katika Ghuba ya Mwanza likishirikiana na Watanzania. Lilijulikana kwa kifupi kama HEST, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Frans Witte. Walikuja kujua furu wangapi wapo na wanaishije, kwa sababu wakati huo huo serikali ilikuwa ikitaka kuwavua kwa wingi: katikati ya miaka ya 1970 kilijengwa hapa Mwanza kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo, na meli za kukokota nyavu zikaanza kazi. Watafiti walikuta aina baada ya aina ambazo hazikuwa na jina. Mwaka 1985 mojawapo ikapewa jina la Rais aliyekuwa akijiandaa kung'atuka mwaka huo huo: nyererei. Ni mbipi, samaki wa kuenea kwenye kiganja. Dume lake lina mgongo mwekundu kama kaa la moto, ubavu wa manjano, na mistari myeusi inayoshuka kama ya pundamilia. Ndiyo sababu jenasi yake imeitwa Pundamilia. Kati ya heshima zote alizopewa Mwalimu, hii ndiyo naiona ikinigusa zaidi, na ndiyo isiyojulikana kabisa mitaani kwetu.

Lakini wakati HEST wanahesabu, sangara alikwisha kufika. Alipandikizwa ziwani upande wa Uganda na Kenya katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akitolewa maziwa ya kaskazini, kwa hoja kwamba furu ni takataka na yafaa wageuzwe kuwa samaki mkubwa wa kuuzika. Kwa miaka mingi hakuonekana sana huku kwetu. Kisha, kati ya 1983 na 1987 hivi, Ghuba ya Mwanza ikageuka. Nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikaja na sangara, na furu wa maji ya wazi wakaisha. Witte na wenzake walikadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka au zilikuwa ukingoni. Sijui tukio jingine la zama zetu ambalo wanyama wenye uti wa mgongo wa aina nyingi namna hiyo walipotea mahali pamoja, mbele ya macho ya watu waliokuwa wamekaa na daftari wakiwahesabu.

Aliyetaka kuliona pigo hilo bila kuzama majini angemtazama mdiria, yule ndege mweusi kwa mweupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Watafiti walichunguza mabaki ya chakula chake katika ghuba yetu kabla na baada ya sangara. Zamani alikula furu zaidi. Baadaye ikawa dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mdogo, ilimbidi akamate wengi zaidi kwa siku ili ashibe. Kila kijana mwenye darubini anayetazama ndege pale Saanane anatazama pia habari ya samaki, hata kama hakuna aliyemwambia.

Mbipi wa miamba waliponea kwa sehemu, kwa kuwa sangara hapendi kupenya nyufa za mawe. Na hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo Mwanza haikuwa nayo: kuingia ziwani na miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, si kutafuta kitu kilichopotea, bali kutazama. Katika miaka ya 1990 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walipita kisiwa kwa kisiwa, Makobe, Ruti, Kissenda, Luanso na miamba mingine, wakiwatazama mbipi walipo na kuandika rangi zao. Marehemu kaka yangu alikuwa mwendesha boti wa kukodiwa na wageni wa aina hiyo, na alinisimulia habari ya mzee mmoja aliyesogeza mtumbwi karibu kuwashangaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hao wametumbukiza nyuso majini wanatafuta nini?"

"Wanawatazama mbipi."

"Wanawatazama, kisha?"

"Kisha wanaandika."

Mzee, alisema kaka, alikaa pale muda mrefu akiwasubiri. Walipoinuka aliomba miwani naye ajaribu.

Namwelewa. Kaka alinipeleka Makobe nami, na nikaingiza uso. Jiwe ambalo juu lina kinyesi cheupe cha mnandi, chini yake ni mji. Mwani wa kijani unapeperuka kidogo na kila wimbi. Dume la buluu ya kijivu linalinda ufa wake karibu na uso wa maji, linamfukuza jirani, linarudi. Chini kidogo, nuru ilipoanza kuwa ya rangi ya shaba, lilisimama dume jekundu. Nilikuwa nimekula ndugu zake utotoni mwangu wote na sikuwa nimewahi kuliona likiwa hai.

Hizo rangi mbili ndizo kiini cha utafiti wa Seehausen. Samaki wa buluu na samaki mwekundu ni jamaa wa karibu mno, na kinachowatenga ni jicho la jike: jike la wekundu humchagua mwekundu, jike la wengine humchagua wa buluu. Katika maji ya ziwa letu nuru nyekundu hufika chini kuliko ya buluu, na macho ya samaki wa chini yameelekea kuona wekundu. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba maji yakichafuka, uchaguzi huo hufa. Majike yakiwekwa chini ya taa inayoficha rangi hayamtambui dume lao. Ziwani ni vivyo hivyo. Makobe, ambako maji huonekana hadi zaidi ya mita 2, aina hizo mbili zimetengana. Luanso, ndani ya ghuba, ambako huoni zaidi ya nusu mita, zimekwisha kuchanganyika zikawa samaki wa rangi ya vumbi. Hakuna aliyevuliwa, hakuna aliyeliwa; ni giza tu.

Na giza hilo ni letu. Watafiti waliopima ziwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati reli ya kutoka Tabora inafika Mwanza, walikuta maeneo ya wazi ambako kisahani cheupe cha kupimia kilionekana kikiwa zaidi ya mita 5 chini. Miaka 70 baadaye ilikuwa mita 1 hadi 3. Udongo wa mashamba yaliyokatwa miti, mbolea, majitaka ya miji yetu, moshi unaorudi na mvua: vyote hulisha mwani unaopaka maji kijani. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji, na kila mkazi anajua unabeba nini msimu wa mvua.

Watu wa pwani wametutangulia katika jambo hili. Mafia ilipata hifadhi ya bahari mwaka 1995, na Chumbe, karibu na mji wa Unguja, mwamba wake umelindwa tangu 1994. Watoto wa shule hupelekwa huko wakafundishwa kuelea na kutazama. Kwetu si rahisi hivyo. Kuna kichocho, hasa kwenye fukwe tulivu zenye majani ambako konokono hukaa, na kuna mamba na viboko. Na kuna majonzi. Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na mji, na mamia ya watu wakafa, zipo familia ambazo neno kuzamia kwao lina maana moja tu, nami singemwambia yeyote kati yao aingie majini kwa starehe.

Basi si lazima kila mtu azamie. Dume jekundu lenye jina la Mwalimu linafugwa katika matangi ya kioo Ulaya na Marekani; mtoto wa huko anaweza kulitazama kabla ya chakula cha mchana, na mtoto wa Kirumba hawezi. Wala si kwamba hakuna cha kutazama: furu wengine wa ghuba wamerudi tangu sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana. Mmoja wao, anayeitwa pyrrhocephalus, amerudi akiwa na matamvua makubwa kuliko ya babu zake wa miaka ya 1970, kwa ajili ya maji yenye hewa kidogo, na anakula chakula tofauti. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya miaka isiyozidi 30, mbele ya soko la Mwaloni.

Mpaka wa hifadhi ya Saanane unaingia majini, na samaki huzaliana humo. Ningependa pale wanafunzi wanaposhukia, kabla ya njia ya kwenda kwa simba, liwekwe tangi la maji safi lenye mawe ya Mwanza na mbipi wa Makobe, na kibao kiandikwe jina lao la kisayansi, jina walilopewa na wavuvi, na mwaka 1985.